Wadau, dunia ya kubuni inaingiza viumbe gani wa ajabu? Joka na zimwi wanaeza kaa pamoja?

Kete_za_Donholm

Wadau habari za jioni. Nauliza kwa wale wanapenda hadithi za ajabu na gemu za kusimulia. Tuko watu watano, tunakutana Jumamosi hapa Donholm kwa dada mmoja ako na meza kubwa, tunacheza ile gemu ya kete na karatasi ambayo mmoja anasimulia na wengine wanakuwa wahusika, na safari hii msimulizi ni mimi na nimesema sitaki kutumia dunia ya mtu mwingine, natengeneza yangu. Ramani iko tayari. Magharibi kuna ziwa kubwa, katikati bonde refu lenye kuta na maziwa ya magadi, kuna mlima wa theluji, alafu mashariki ni pwani na bandari na majahazi. Najua inafanana na wapi msinicheke.

Shida ni viumbe. Nimeandika orodha imejaa kurasa mbili: joka wa kuruka, farasi wa pembe moja, wale watu wa masikio ya ncha wanaoishi msituni bila kuzeeka, vijitu vya ndevu vya migodini, vampaya, alafu upande wa kwetu nikaweka zimwi, majini, nguva, popobawa (yule pepo wa Zanzibar anayesemekana kuvamia watu usiku), dubu wa Nandi. Jamaa mmoja wa kikundi akasoma akaniambia hii ni matatu ya saa kumi na mbili jioni, kila mtu ameingia na hakuna anajua mwenzake anashukia wapi.

Sasa mnaamua aje nani anaingia na nani anabaki nje? Mnachanganya wa Ulaya na wa huku ama mnachagua upande? Na kuna wa kwetu ambao mngeniambia niwaache tu? Tafadhali msiniambie "ni dunia yako weka unachotaka", hilo jibu nishapewa mara nyingi na halijanisaidia.

Bonge_wa_Pipeline

Ni dunia yako weka unachotaka 😂

Haya naacha. Lakini joka lazima, buda. Watu wakikaa kwa meza ya gemu kama hiyo wanangoja joka, ukimtoa watakuuliza tulitoka Pipeline kuja kufanya nini. Hao wengine sijui, vampaya mi nimewachoka.

Arap_Stori

Kaka nianze na huyo "dubu wa Nandi" juu ameniuma kidogo, mimi ni wa Kapsabet na nimekaa Nairobi miaka mingi na kila mtu akisikia natoka wapi ananiuliza kama nimewahi kuona dubu.

Afrika huku kwetu hakuna dubu. Waliokuwepo ni wa kule juu kaskazini, milima ya Atlas, na hao waliisha. Sasa walowezi wa kizungu walipofika Nandi na Uasin Gishu mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakawa wanaona usiku kitu kina mabega ya juu na mgongo umeteremka, pengine fisi mkubwa tu, na kichwani mwao mnyama wa kutisha wa msituni alikuwa ni dubu kwa hivyo wakasema ni dubu. Alafu wakauliza wenyeji, huyu ni nani, wakaambiwa kuna chemosit. Basi wakashona hizo mbili pamoja. Mpaka leo ukisoma kwa mtandao unapata chemosit ni dubu anayekula ubongo.

Chemosit mwenyewe hafanani na dubu hata kidogo. Hollis, yule ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeandika juu ya Wanandi mwaka 1909, aliambiwa ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja, anatembelea fimbo inafanana na mkuki, ana makalio tisa (ndio, tisa, usiniulize yamepangwa aje) na mdomo wake ni mwekundu na usiku unawaka kama taa. Na vile anawinda ndio imenikaa kichwani tangu nikiwa mdogo. Hakimbizi mtu. Anakaa gizani karibu na boma anaimba. Watoto wanaona mwanga kwa mbali, wanasikia wimbo, wanadhani kuna ngoma huko, wanatoka mmoja mmoja kwenda kucheza.

Sasa niambie. Ukiwa msimulizi, wachezaji wako wako njiani usiku, wamechoka, chakula kimeisha, wanaona mwanga na wanasikia watu wanaimba. Utahitaji dubu kweli?

Kwa hivyo jibu langu, kabla hujaweka kiumbe tafuta yule wa asili kabla hajapita mikononi mwa mtu wa pili na wa tatu. Mara nyingi wa asili ndio anatisha zaidi, na ndio mgeni zaidi pia, hata kwetu sisi.

Kete_za_Donholm

Makalio tisa yameingia tayari hata sijamaliza kusoma 😂 asante sana. Dubu nimemfuta.

Mwalimu_Bio

Mimi nafundisha bayolojia na naomba kuharibu sherehe kidogo.

Joka wako anakula nini? Watu hawaulizangi hii. Simba mzima ukipiga wastani anahitaji kilo tano sita za nyama kwa siku. Sasa chukua joka mwenye uzito wa tembo, tani tano tuseme, na umpe damu moto kama simba. Mnyama akiwa mkubwa hali sawasawa na uzito wake, anakula kidogo kuliko vile ungetarajia, lakini hata ukimhurumia hivyo unafika kama kilo sabini kwa siku. Huyo ni ng'ombe mmoja wa kienyeji kila siku mbili. Kwa mwaka anakaribia ng'ombe mia mbili, joka mmoja tu, hajaoa. Mbuga ya Nairobi yote ni kilomita za mraba 117, mweke huko uone kama Kitengela kutabaki mbuzi.

Na kuruka ndio asahau. Tandawala mkubwa, yule ndege unamuona Mara anatembea kama mzee wa kanisa, anafika kilo kumi na nane hivi na yeye ni kati ya ndege wazito kabisa wanaoruka duniani, na hata yeye anaruka akilazimishwa. Wale watambaazi wa kale walioruka, wakubwa kabisa, mabawa yao yalifika mita kumi hivi na wanakadiriwa kilo mia mbili na kitu. Tani tano haiinuki.

Sisemi umtoe. Nasema ukiweka joka anayeruka na kula kila siku basi lazima dunia yako ionyeshe, yaani wafugaji wamehama, bei ya ng'ombe imepanda, kuna mtu kazi yake ni kuhesabu mifugo na kupanga nani anatoa sadaka wiki hii. Kama hutaki kuandika hayo yote basi punguza joka.

Bonge_wa_Pipeline

Mwalimu wewe ndio ulikuwa unatoa watu darasani wakicheka eeh. Ni uchawi! Anaruka kwa uchawi!

Mwalimu_Bio

Sawa, ni uchawi. Basi uchawi huo uko na nani mwingine? Juu kama unainua tani tano utashangaa kwa nini watu wa bandarini bado wanabeba magunia mgongoni.

Lakini sikiza kuna njia. Mfanye awe wa damu baridi. Mamba wa mto Mara anakula nyumbu wakati wanavuka, anashiba kabisa, alafu anaweza kukaa miezi bila kula kitu cha maana, amelala tu hapo wazi mdomo. Joka wa namna hiyo anatisha zaidi kwa maoni yangu. Kijiji kinamjua, wanampita kila siku wakienda kuteka maji, watoto wanamtupia mawe, na kuna msimu mmoja kwa mwaka ambao hakuna mtu anapita pale.

Na moto si lazima. Huku pwani tunaye swila mkubwa, kobra anayetema sumu, alitambuliwa rasmi kuwa spishi yake mwaka 2007 akaitwa Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka kule Watamu. Kabla ya hapo walikuwa wanamhesabu pamoja na swila wengine. Anatema sumu zaidi ya mita mbili na analenga uso. Umepata joka hapo bila kukopa moto wa mtu.

Alafu farasi wa pembe moja, kwa nini farasi? Choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, akisimama ubavu pembe zake mbili zinaonekana moja, ndefu, imenyooka. Nenda Samburu asubuhi utamuona.

Bint_Kibokoni

Assalam aleikum wote. Mimi ni wa Mombasa, kwa sasa naishi South C, na nimesoma uzi wote nikasema hapa kwenye majini na popobawa lazima niseme neno.

Ndugu yangu, majini kwetu si wanyama wa hadithi. Wametajwa kwenye Qurani, wameumbwa kwa moto usio na moshi, wana dini zao, wana waume na wake, kuna wema na kuna wabaya. Bibi yangu akimwaga maji ya moto usiku uani alikuwa anasema bismillahi kwanza asije akamuunguza mtu hamuoni. Kwa hivyo ukiwaweka kwenye gemu wapigwe upanga wadondoshe dhahabu, mimi sitakuja hiyo meza. Sikukatazi, nakwambia tu ujue unagusa itikadi ya mtu aliyeketi mbele yako. Ukitaka kitu cha namna hiyo basi tunga chako ukipe jina lako, watu wa pwani watakielewa bila wewe kusema.

Hata ile stori mnayoipenda huku bara, ya msichana mrembo wa Mombasa usiku ambaye ukimwangalia miguu unakuta kwato, haya iweke, hiyo inasimuliwa hata kwa kuchekesha. Lakini mbona kila siku ni mwanamke ndio ana kwato? Mpe mwanaume kwato mara moja, tuone.

Popobawa mwache. Mwaka 1995 ilipotokea ile taharuki Pemba na Unguja watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, wamewasha moto, familia nzima, kwa hofu ya kulala ndani. Na kuna mtu, mgonjwa wa akili, aliuawa kwa kudhaniwa ndiye. Wapo watu wazima leo walioyapitia hayo, na yale waliyosimulia kwamba waliyafanyiwa usiku si ya kuletea mezani na chipsi.

Mnataka mnyama wa pwani? Chukueni nunda. Hadithi ya Unguja ya zamani, ilichapishwa tangu 1870. Sultani alikuwa na paka. Paka akaanza kula kuku wa watu, wakaenda kushtaki, sultani akasema paka wangu, kuku wangu. Akala mbuzi, wakarudi, paka wangu, mbuzi wangu. Akala ndama, akala ng'ombe, kila wakija jibu ni hilo hilo, na paka anazidi kuwa mkubwa, akahama mjini akakaa porini anakula wapita njia, na sultani bado anamtetea. Mpaka siku alipokula watoto wa sultani mwenyewe ndio baba mtu akasema huyu si paka tena, huyu ni nunda mla watu.

Alafu mwanawe mdogo anatoka kwenda kumsaka na hajui nunda yukoje! Anaua mbwa anamletea mama, mama nimemuua nunda? Mama anamwambia mwanangu siye. Anaua ngawa, siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, kila akirudi na mzoga mkubwa zaidi mama anamwambia siye, na anamwomba abaki nyumbani.

Hiyo peke yake ni miezi mitatu ya Jumamosi zenu. Na mchezaji mwenye akili ataanza kuuliza tukimuua nunda, na sultani tunamfanya nini.

Kete_za_Donholm

Aleikum salaam dada. Popobawa nimemtoa na majini nimewatoa pia, umenieleza vizuri sana kuliko vile mimi ningejieleza. Nunda sikuwa namjua kabisa, nimesoma hiyo ya kuku wangu mbuzi wangu nikacheka peke yangu kwa basi watu wakaniangalia.

Sasa imebaki zimwi na upande wa ziwa. Zimwi kwangu amekuwa ni jitu tu lenye rungu, kubwa, jinga, linanuka. Mnamfanyaje awe zaidi ya hapo? Na ziwani niliweka nguva lakini naona hana kazi, anakaa kwa jiwe anachana nywele.

Guka_wa_Limuru

Kijana, zimwi jinga lenye rungu ni la vitabu vya picha. Irimu, yaani zimwi la Wagikuyu, tuliyesimuliwa sisi na akina cucu, bibi zetu, alikuwa kijana mtanashati kuliko wote kwenye ngoma. Nywele ndefu, amejipaka mafuta, wasichana wote wanamtaka. Na nywele hizo amezilaza nyuma kwa sababu kisogoni kuna mdomo wa pili. Msichana anayemfuata nyumbani anauona njiani, nzi akipita karibu nywele zinafunguka, nzi ameingia. Sisi tulikuwa tunajishika visogo.

Na kuna ile ya mke wa mhunzi. Mumewe ameenda mbali kufua vyuma, mke amejifungua yuko peke yake, anakuja irimu anajifanya ndiye anamuuguza mzazi. Hamli. Anapika, anampakulia, anamsogezea sahani, kisha anasema: chakula hiki hapa, naona umekataa, basi nitakula mimi. Anakula. Kila siku. Anaongea kwa upole kabisa. Mama anakonda na kitoto kinakonda huku nyumba inanukia chakula. Yule mama ameanika mbegu za mbarika, ndege wanakuja kudokoa, anawaomba mmoja mmoja wampelekee mumewe habari, wengine hawajui hata kuimba vizuri, mpaka njiwa anakubali, analishwa mbegu akashiba, anaruka mpaka kwenye kiwanda anaimba pale mhunzi akifua. Mhunzi anatupa nyundo.

Hakuna rungu humo ndani. Kuna sahani ya chakula inarudishwa. Nimesikia hadithi nyingi za kutisha tangu hapo, hiyo sahani bado ndiyo mbaya kuliko zote.

Nyongeza, kama unataka kitu kikubwa cha maji kuna ndamathia. Huyo alikaa mtoni, mkubwa mno, na wazee walimhitaji. Wakati wa ituika, rika moja la utawala linapomkabidhi lingine, alivutwa atoke majini kwa msichana na kibuyu, na vijana wang'oe nywele za mkiani bila yeye kugeuka, ndio sherehe ikamilike. Sasa fikiria nchi ambayo utawala haubadiliki mpaka mtu ang'oe unywele wa mnyama. Huwezi kumuua huyo, ukimuua mtatawaliwa na wazee wale wale milele.

Bonge_wa_Pipeline

Guka hapo kwa kutawaliwa na wazee wale wale mbona ni kama tayari alishauawa 😂😂😂

NyarGwasi

Mimi nijibu ya ziwa kwa sababu ni kwetu.

Toa nguva, nguva ni wa bahari, wale wa kweli wenyewe wamebaki wachache sana kule Lamu wanakula nyasi za chini ya maji. Ziwani tunaye mwanamke wa Nyamgondho. Pale Gwasi kwenye Ziwa Viktoria, karibu na Nyandiwa, kulikuwa na mvuvi maskini wa mwisho, Nyamgondho wuod Ombare. Siku moja nyavu zikawa nzito, akavuta akijua leo ni leo, akakuta mwanamke, mzee, sura mbaya. Akataka kumrudisha majini, mama akamwomba amchukue. Akamchukua. Kutoka siku hiyo ng'ombe wakaanza kujaa, mbuzi, kuku, akaoa wake wengine, akawa tajiri ambaye watu wanasimama akipita. Alafu usiku mmoja ametoka kunywa, lango limefungwa, anapiga kelele, na akamtusi yule mama kwamba nilikuokota ziwani.

Mama hakujibu. Alitoka akaanza kutembea kurudi ziwani, na kila kitu kilichokuja naye kikamfuata. Ng'ombe, mbuzi, kuku, wote nyuma yake hadi ndani ya maji. Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo mpaka akageuka mti. Ukienda utaonyeshwa hapo, na kwa miamba utaonyeshwa alama za kwato.

Mimi ningekuwa msimulizi singemfanya adui. Wachezaji wako wanaingia kijiji tajiri, wanakaribishwa vizuri, wanaona mke mkubwa mzee hasemi sana na mume anarudi jioni amelewa. Wewe nyamaza tu uone kama kuna mtu mezani atashtuka.

Alafu mnyama wa kweli pia anaweza kuwa kiumbe chako cha ajabu bila kuongezwa mabawa. Omieri alikuwa chatu tu, wa Nyakach, lakini akija watu walijua mvua na mavuno vimekuja. Mwaka 1987 aliungua moto akaletwa Nairobi kwa hifadhi ya nyoka ya makumbusho kutibiwa na ikawa mambo makubwa, watu wa nyumbani wanamtaka arudi. Sasa hiyo ni hadithi ya fantasia? Mi naona ni bora kuliko joka.

Kasuku_Ngara

Nimefurahia lakini naona kama tunaelekea kusema wa kwetu ndio safi na wa nje ni takataka, hapo nakataa. Viumbe wamekuwa wakisafiri tangu zamani. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, na mwaka mmoja nyuma kulikuwa na mwingine amefika huko kupitia Bengali, na wao wakamwangalia wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wao mtakatifu anayeonekana kukiwa na mfalme mwema. Kwa hivyo huyu tunayempita akila migunga pale Lang'ata alikuwa mnyama wa heri wa watu wengine. Ndege Rukhi wa mabaharia wa Kiarabu, yule anayebeba tembo, Marco Polo alisema yuko Madagaska, na Madagaska kweli kulikuwa na ndege mkubwa kupita mbuni mara nyingi, tena hata haruki.

Sasa wewe Kete ramani yako ina bandari. Bandari ni watu wa nje wanaingia na vitu vyao. Weka joka wa kuruka, lakini awe ni kitu mabaharia wanasimulia hotelini, wameapa wamemuona, hakuna wa bara amewahi kumuona. Na weka mfanyabiashara anauza pembe ya farasi wa pembe moja ambayo ni ya choroa. Hao wa masikio ya ncha ningewatoa, sio kwa sababu ni wa Ulaya, ni kwa sababu sijaona wanafanya nini kwako ambacho watu wa kawaida hawawezi kufanya. Msitu wako tayari una chemosit.

Kidogo tu kuhusu jitu la jicho moja, sijaona kwa orodha yako. Fuvu la tembo lina shimo kubwa katikati ya uso, ndio pua inapoanzia mkonga, ukiliona mara ya kwanza hujui tembo unaapa ni jicho. Othenio Abel, mtaalamu wa visukuku wa Austria, alisema mwaka 1914 kwamba majitu ya jicho moja ya Wagiriki yalitokana na mafuvu ya tembo wadogo wa kale waliookotwa mapangoni kule Sisili. Haijathibitishwa, lakini wewe hupeleki mahakamani. Weka fuvu njiani, acha wachezaji wajitishe wenyewe.

Arap_Stori

Hiyo ya fuvu naiba, samahani mapema.

Kete_za_Donholm

Wadau nimekaa na hii usiku wote. Tunaanzia bandarini. Kuku wa mama mmoja wameliwa na karani wa sultani amemwambia kuku ni wa sultani, wachezaji watadhani ni kesi ndogo ya kulipwa fidia. Chemosit njia ya msituni, irimu nampa nyumba ya wageni maana ile sahani nimeiota, mke wa mvuvi namweka ziwani na sitasema kitu. Ndamathia nangoja kwanza, naogopa nikimleta mapema watajaribu kumuua, nawajua hawa watu. Mwanaume mwenye kwato pia yupo, dada Bint, ni nahodha.

Bonge_wa_Pipeline

Na joka wangu??

Kete_za_Donholm

Yupo buda. Hana mabawa, anatema sumu, analala msimu mzima ufukweni mwa ziwa la magadi kule bondeni. Mwalimu nimepita?

Mwalimu_Bio

Karibu. Ukimaanisha ziwa kama Magadi lenyewe hapo hapana, ile chumvi ni kali mno, atakula nini, heroe? Mfanye ziwa lako liwe kama Turkana. Maji yake ni ya magadi pia lakini samaki wapo na mamba wamejaa. Na pale katikati kuna kisiwa chenye maziwa madogo ndani ya kreta, mamba wanazaliana humo. Weka joka wako hapo, utakuwa umejibu na swali la mayai kabla hawajauliza.

Kete_za_Donholm

Kisiwa nimechora sai hii. Bonge uje Jumamosi, leta kete zako, zetu moja imepotea.